Deni

Jina lake Deni, kwa sababu Ambakisye
alikopa magunia mawili ya viazi pale Isyonje,
akashindwa kulipa, akaleta kitoto cha mbwa
ndani ya kofia ya sufu.
“Chukua hiki, mama, tumalizane.”
Hawakumalizana. Ila mbwa alikua.

Mwezi wa saba, ukungu umeketi njia panda ya Uyole
kama mgeni asiyejua kuaga,
lori likapiga honi baada ya kugonga.
Tusekile akamleta kwangu kwa toroli la samadi:
nyuma amelegea kama kanga mbichi,
mbele bado mbwa, masikio, macho, hasira.

Mimi ni daktari wa ng’ombe.
Najua kumgeuza ndama aliyetanguliza mkia,
najua ndigana, najua bei ya maziwa.
Mbwa, huku kwetu, hupata chanjo ya kichaa
na mateke.

Nikabana kidole cha mguu wake wa nyuma kwa koleo.
Kimya.
Nikabana tena, kwa nguvu ninayoionea aibu hadi leo.
Akalia, yowe refu lenye matusi ndani yake,
akageuka anitafune mkono.
Nikacheka. Tusekile akaniona mwendawazimu.
“Ameumia, mama! Maumivu yamefika kichwani!
Waya wa mgongoni haujakatika.”

Picha tulipiga saa nne usiku, hospitali ya watu,
kwa hisani ya Lwitiko wa eksirei
aliyeandika daftarini: Mgonjwa, Deni. Jinsia, me.
Filamu tukaiinua kwenye taa.
Nyonga imevunjika mahali patatu,
upande wa kushoto umechomoka kwenye kitokono
kama mlango ulioacha bawaba,
na pingili ya saba ya kiuno, ya mwisho, ina ufa
mwembamba, kama unywele juu ya yai.

Nikataja gharama.
Sokoni walisikia kabla sijamaliza:
Laki nne? Mbwa? Si anunue wengine ishirini!
Tusekile akahesabu noti zinazonuka udongo.
“Hao ishirini hawanijui.”

Skrubu niliomba kwa daktari wa mifupa mjini,
fupi fupi, masalia ya mikono ya watu.
Drili ni ya seremala, tumeivisha kitambaa kilichochemshwa.
Chumba kilikuwa baridi hata nilipopasua
mvuke ulipanda kutoka kwenye nyama
kama umefunua chungu cha magimbi.
Na pale, juu kabisa ya mfupa ninaoutaka,
neva kubwa ya mguu, nyeupe, nene kama kamba ya kiatu.
Nikaisogeza kwa kidole,
jinsi unavyomsogeza mtoto aliyelala
nawe upate ubavu wa kulalia.

Skrubu ya kwanza ilikosa. Niliitoa.
Ya pili ikauma mfupa, nikasikia mkononi
kile kigugumizi, kr, kr,
halafu uzito.

Siku tatu, nne, sita, hakojoi.
Nikamkamua kibofu asubuhi, mchana, jioni,
mimi niliyezoea chuchu za ng’ombe.
Tusekile alilala sakafuni juu ya magunia,
akimgeuza kila saa asiote vidonda.

Siku ya tisa, jua dogo, lile la Uyole lisilokausha hata soksi,
akainuka kama meza ya fundi mlevi,
akayumba hadi kwenye gurudumu la lori lililoegeshwa.
(Si lile. Ningependa liwe lile.)
Mguu hakuuinua, hajui bado kama unainuka.
Akachuchumaa kijike
akakojoa,
mrefu, wa moshi, bila mikono yangu.

Vigelegele vya Tusekile viligeuza watu barabarani
wakitafuta bibi harusi.

Mkia haujajibu. Unaning’inia tu
kama kamba ya kengele siku za likizo.
Laki na arobaini zimebaki. Kila Jumamosi
napata ndoo ya viazi mlangoni,
na sijui, wala sijauliza,
tumefikia ngapi.